Duara, Bani na Kamba: Sitiari katika Ushauri wa Kichungaji huko Ushetu

1. Utangulizi

Mchungaji anayehudumu Ushetu, katika Wilaya ya Kahama, hukutana na watu ambao kazi zao zimewafundisha namna ya kusema. Wapo wakulima wa tumbaku, pamba, mpunga na mahindi, wapo wafugaji, na wapo vijana waendao na kurudi kati ya shamba la wazazi wao na machimbo ya dhahabu ya Kahama na Geita. Watu hao wanapomjia mchungaji wakiwa na shida, ni nadra waseme, "Nina huzuni," au, "Nina hatia." Husema, "Nimebaki chini." Husema, "Nimefungwa," au, "Naungua ndani kwa ndani." Mchungaji aliyezoea kuhubiri huyachukua maneno hayo kama salamu za mlangoni, akangoja shida yenyewe itajwe. Mara nyingi hungoja bure, kwa sababu shida yenyewe imekwisha kutajwa.

Makala hii inakusudia kueleza jinsi sitiari anazozitumia mwenye shida zinavyoweza kumsaidia mshauri kuyaelewa yaliyompata. Hoja yetu ni moja, nayo ina pande mbili. Mshauri asiiondoe picha ya mwenye shida na kuweka ya kwake. Wala asiigeuze picha hiyo kuwa habari ya jambo lililotokea. Kosa la kwanza humwacha mtu peke yake na shida yake. Kosa la pili, katika nchi ya Wasumbwa, Wanyamwezi na Wasukuma, laweza kumgharimu maisha mtu mwingine ambaye hata hayupo katika mazungumzo.

Vitabu vingi humwita anayeshauriwa "mteja". Sisi tutamwita "mshauriwa", kwa kuwa katika usharika hakuna anayenunua wala anayeuza. Tunawaarifu pia wasomaji kwamba mifano ya mazungumzo iliyomo humu tumeitunga kwa ajili ya kufundishia. Siri ya ungamo hairuhusu mchungaji kuyachapisha maneno aliyoambiwa, hata kama majina yamefichwa, maana katika kijiji mtu hutambulika upesi kwa habari zake.

2. Kwa nini anayeteseka hutumia sitiari

Sitiari ni kukiita kitu kimoja kwa jina la kingine ili kukifahamu. Mwaka 1980 wataalamu wawili wa Marekani, George Lakoff na Mark Johnson, walitoa kitabu kilichoonyesha ya kwamba sitiari si mali ya washairi tu, bali ni njia ya kawaida ambayo binadamu wote huitumia katika kufikiri. Msemaji wa Kiswahili hahitaji kushawishiwa sana juu ya jambo hilo. Twasema moyo ni mzito, roho iko juu, mambo yamekwama, mtu amevunjika moyo, mawazo yamemwelemea. Maneno hayo yametumika hata yakafifia. Tunayatamka bila kuiona tena picha iliyomo. Lakini mtu aliyepatwa na msiba huyaamsha. Anaposema, "Moyo wangu umekuwa mzito," yawezekana kabisa kwamba anausikia uzito huo kifuani, mahali maalumu, kama vile mtu asikiavyo jiwe.

Zipo sababu tatu hasa zinazomfanya mtu wa namna hiyo atumie picha. Kwanza, maumivu makubwa hayana jina. Aliyefiwa na watoto wawili katika mwaka mmoja hukuta ya kwamba neno "huzuni" ni dogo mno. Pili, picha humlinda msemaji. Mambo mengine ni ya aibu au ya hatari kuyataja waziwazi mbele ya mzee wa kanisa, mbele ya mume, au mbele ya mchungaji mwenyewe. Kwa picha mtu huweza kuyaleta nusu, akatazama kwanza yatapokelewaje. Tatu, picha huweka pamoja mambo mengi. Mtu asemaye, "Nimebaki chini," ametaja kwa maneno mawili mahali alipo, mahali ambapo alipaswa kuwa, na kwamba wengine wamekwisha kupanda naye hawamo kati yao.

Katika Afrika Mashariki twaongeza sababu ya nne: adabu. Wazee wetu hawakusema jambo zito moja kwa moja. Walilizungusha katika methali, kitendawili na hadithi. Mapadre wa Maryknoll Donald Sybertz na Joseph Healey waliliona jambo hilo, na kitabu chao cha mwaka 1996 juu ya teolojia ya masimulizi ya Kiafrika kimejengwa kwa sehemu kubwa juu ya methali na hadithi zilizokusanywa kwa Wasukuma, hasa katika parokia ya Ndoleleji, Shinyanga. Ikiwa teolojia yaweza kuanzia hapo, ushauri wa kichungaji nao waweza.

3. Ushahidi wa Maandiko na wa Luther

Jambo hili si geni katika Maandiko Matakatifu. Watunga Zaburi walipoteseka hawakueleza dalili za ugonjwa; walisema wako vilindini (Zaburi 130), wamezama katika matope mengi pasipo mahali pa kusimama (Zaburi 69), au wamekuwa kama ndege aliye peke yake juu ya nyumba (Zaburi 102). Mwandishi wa kitabu cha Ayubu, katika sura ya 28, anaeleza kazi ya wachimba madini kwa namna ambayo kijana wa machimboni angeitambua mara moja: watu wanapasua shimo mbali na makao ya watu, wananing'inia humo na kuyumba, wanaleta nuruni kitu kilichofichika. Kisha anauliza hekima hupatikana wapi. Picha ya mgodi imemsaidia kuuliza swali ambalo asingeweza kuliuliza vinginevyo.

Habari ya Hana katika 1 Samweli 1 yafaa kusomwa na kila mwanafunzi wa uchungaji. Eli aliona midomo inayocheza bila sauti, akahukumu kwamba mwanamke huyo amelewa. Hana hakukasirika, wala hakuiacha picha ya kinywaji ambayo kuhani alikuwa ameileta. Aliigeuza: kilichomiminwa hakikuwa divai, bali nafsi yake mwenyewe mbele za Bwana. Eli alikuwa na macho ya kuona dalili, lakini mpaka hapo hakuwa na sikio la kusikia picha. Sifa yake ni kwamba alipoisikia alinyamaza, akambariki.

Martin Luther naye alikuwa mtoto wa nyumba ya madini. Baba yake Hans alifanya kazi ya shaba huko Mansfeld, na Mtakatifu Anna, ambaye Luther alimwita kwa hofu katika dhoruba ya mwaka 1505, alikuwa akiheshimiwa na wachimba madini kama msimamizi wao. Mwaka 1519 mtawala wake, Frederick wa Saxony, alipougua sana, Luther alimwandikia kitabu cha faraja chenye sehemu kumi na nne. Wakristo wa siku hizo walizoea kuwategemea watakatifu kumi na wanne wa msaada, ambao sanamu zao zilipangwa madhabahuni. Luther hakuanza kwa kumkemea mgonjwa juu ya mazoea hayo. Aliuchukua mpangilio wa madhabahu aliyoizoea mgonjwa, akaweka humo picha saba za mabaya na saba za mema, mpaka macho ya mgonjwa yakamfikia Kristo. Aliingia katika nyumba ya picha ya mgonjwa kwanza, ndipo akapanga upya vilivyomo.

4. Picha za Ushetu zinatoka wapi

Mshauri hawezi kuisikia picha kama hakifahamu kitu ambacho picha hiyo imetolewa. Mchungaji aliyetoka mkoa mwingine na kupangiwa kazi Ushetu ana wajibu wa kujifunza kazi za watu wake, kama vile ajifunzavyo salamu zao.

Tuanze na tumbaku. Majani hukaushwa ndani ya bani kwa moto unaowashwa katika jiko ambalo mdomo wake uko nje. Joto hupita katika njia yake na kuingia ndani, wala moshi haupaswi kuyagusa majani. Moto huo huchochewa usiku na mchana kwa siku kadhaa, na anayeulinda halali vizuri. Mwishoni majani hutoka yakiwa na rangi ya dhahabu, hupangwa kwa madaraja, hupelekwa sokoni kupitia chama cha msingi, na malipo huja kwa jina la mwanachama aliyeandikishwa.

Sasa tuseme mama mmoja anamwambia mchungaji, "Mimi ni jiko la bani." Mchungaji asiyejua bani husikia moto, akafikiri ya kwamba mama ana hasira, au akafurahi kwamba anawaka Roho. Mchungaji anayelijua bani husikia jambo jingine kabisa: aliye nje, anayelishwa kuni na kutolewa majivu, ambaye bila yeye hakuna kinachokauka, lakini siku ya soko hakuna anayelitaja jiko. Hata hivyo mchungaji huyu wa pili naye hana haki ya kumaliza sentensi ya mama. Anajua tu mahali pa kuuliza.

Kisha kuna dhahabu. Mgodi mkubwa wa Geita ulianza kuzalisha mwaka 2000, wa Bulyanhulu mwaka 2001, na wa Buzwagi mwaka 2009. Huu wa mwisho ulisimamisha uzalishaji mwaka 2021. Lakini vijana wengi wa Ushetu hawakuingia katika migodi hiyo. Walikwenda kwa wachimbaji wadogo, kwenye maduara yanayoshikiliwa na matimba, ambako mtu hushuka kwa kamba, hupandisha mawe kwenye viroba, hupeleka kwenye karasha, na kusubiri kuona kama duara limetema. Wengine hurudi na fedha, wengine hurudi na kikohozi kisichokoma, wengine hawarudi.

Tarehe 5 Oktoba 2015 duara liliporomoka katika machimbo ya Nyangalata, wilayani Kahama, na watu wakafukiwa. Siku 41 baadaye watano miongoni mwao walipatikana wakiwa hai. Walikuwa wameishi kwa kula mizizi na wadudu na kunywa maji yaliyochuruzika miambani. Habari hiyo ilienea nchi nzima. Katika eneo lenye kumbukumbu kama hiyo, maneno "chini", "kifusi", "kamba" na "kusikia sauti za juu" hayawezi kuwa maneno ya kawaida tena. Kila mtu anayeyatamka ameyapokea yakiwa na uzito ndani yake.

5. Namna ya kuifuata picha

Katika miaka ya 1980 mshauri mmoja aliyetoka New Zealand, David Grove, akiwahudumia watu walioumizwa vibaya, alitambua kwamba maswali ya washauri wengi huingiza picha ya mshauri ndani ya picha ya mshauriwa. Alijizoeza kuuliza maswali mafupi sana yanayotumia maneno yaleyale ya mwenye shida, bila kuongeza wala kupunguza. Njia yake yaweza kufaa kwetu, nasi tunaieleza kwa hatua nne.

Hatua ya kwanza ni kulirudisha neno kama lilivyotamkwa. Kama mshauriwa amesema "nimebaki", mshauri asiseme "umeachwa". Kubaki na kuachwa ni mambo mawili. Aliyebaki huenda alichagua, aliyeachwa alifanyiwa.

Hatua ya pili ni kuuliza ndani ya picha: huko kukoje? Kiko wapi? Kuna nini kingine? Hatua ya tatu ni kuuliza picha inaelekea wapi: kisha hutokea nini? Ungependa kitokee nini? Hatua ya nne ni kurudi pamoja kwenye maisha: jambo hili linafanana na nini nyumbani kwako, au katika yale yaliyokupata? Hatua hii isiharakishwe, wala mshauri asiifanye kwa niaba ya mwenzake.

Tutoe mfano. Kijana amerudi Ushetu kutoka machimboni. Halimi, hali vizuri, haji ibadani. Mama yake amemwomba mchungaji azungumze naye.

Kijana: "Baba Mchungaji, mimi nimebaki chini."

Mchungaji: "Umebaki chini, mwanangu. Huko chini kukoje?"

Kijana: "Giza. Nawasikia watu wa juu, ila wao hawanisikii."

Mchungaji: "Unawasikia watu wa juu. Watu gani?"

Kijana: "Mama. Mke wangu. Wananiambia nile, niende shambani. Sauti inafika, maneno hayafiki."

Mchungaji: "Na huko chini kuna nini kingine?"

Kijana, baada ya kimya kirefu: "Yupo mwenzangu. Yeye hapumui."

Mchungaji: "Yupo mwenzako, naye hapumui."

Kijana: "Siku ile sikuwa chini, Baba. Nilikuwa juu. Mwenye kamba nilikuwa mimi."

Tuyatazame mazungumzo haya. Mchungaji hakusema zaidi ya sentensi sita fupi, na hakuna kati ya hizo iliyokuwa na fundisho. Kama angejibu sentensi ya kwanza kwa kumtia moyo kwamba Mungu huwainua walioanguka, angesema neno la kweli kwa mtu ambaye bado hajamwona. Alidhani anamshauri mtu mwenye hofu ya kufukiwa, na kumbe mbele yake kuna mtu anayejihukumu. Aliyekuwa juu amejishusha mwenyewe mahali alipofia mwenzake. Hofu na hatia huhitaji huduma mbalimbali, na picha ndiyo iliyozitenga.

Jambo la lugha lisisahauliwe. Kwa wengi wa washarika wetu Kiswahili ni lugha ya shule na ya ibada, na Kisumbwa, Kinyamwezi au Kisukuma ni lugha ya nyumbani. Mshauriwa anapokwama, inafaa kumwambia, "Sema kwa lugha ya nyumbani." Hata kama mchungaji hailewi lugha hiyo vizuri, anaweza kumwomba baadaye amweleze neno lile lina maana gani. Mara nyingi picha ilikuwa imekwama kwenye daraja kati ya lugha mbili.

6. Makosa matatu

Kosa la kwanza ni kubadili picha. Mchungaji anayo hazina kubwa ya picha kutoka katika Biblia, na mkono wake huenda huko upesi. Mama amesema "jiko la bani". Mchungaji anajibu kwa habari ya tanuru ya moto ya akina Shadraka. Mama hataweza kubisha, kwa kuwa ni neno la Mungu. Atanyamaza, ataomba aombewe, ataondoka. Rafiki za Ayubu walifanya vema siku saba walizokaa kimya pamoja naye; walikosea walipoanza kumpa picha zao.

Kosa la pili ni kuifanya picha kuwa kamusi. Mshauri akishasikia mara kadhaa kwamba "mzigo" ni deni, huanza kudhani kila mzigo ni deni. Kwa mtu mmoja mzigo ni mtoto mgonjwa, kwa mwingine ni siri ya marehemu baba yake. Anton Boisen, mchungaji wa Marekani aliyewahi kulazwa yeye mwenyewe kwa ugonjwa wa akili, na ambaye mwaka 1925 alianza kuwafundisha wanafunzi wa teolojia hospitalini, alitaka wamsome kila mgonjwa kama hati iliyo hai. Hati husomwa yenyewe. Haisomwi kwa kukumbuka ile ya jana.

Kosa la tatu ndilo zito kuliko yote, nalo ni kuigeuza picha kuwa habari. Hapa hatuna budi kusema waziwazi.

Mwanamke aliyeolewa miaka sita bila kupata mtoto anakuja na kusema, "Nimefungwa." Kijana ambaye duara lake halijatema kwa misimu mitatu anasema, "Njia yangu imezibwa." Maneno hayo yanaeleza kweli tupu juu ya maisha yao: mwanamke hawezi kwenda mbele wala kurudi nyuma katika ukoo ule, kijana amejaribu kila mlango. Lakini mchungaji au mwinjilisti akiuliza, "Nani amekufunga?" amekwisha kuiondoa picha katika nafasi yake. Ameuliza swali la mpiga ramli, na swali hilo lina jibu lililo tayari kijijini. Jibu hilo kwa kawaida ni mama mzee anayeishi peke yake.

Kwa miongo mingi mikoa ya Shinyanga, Mwanza, Geita na Tabora imesikia habari za vikongwe waliouawa kwa mapanga baada ya kutajwa kuwa wachawi. Macho mekundu, ambayo aghalabu huletwa na moshi wa kupikia wa miaka mingi, yalihesabiwa kuwa ushahidi. Imani za namna hiyo ndizo zilizosababisha watu wenye ualbino kuwindwa, kwa kudhaniwa kwamba viungo vyao huleta utajiri, machimboni na kwingineko. Mwezi Septemba 2009 Mahakama Kuu iliyoketi Kahama iliwahukumu watu watatu kifo kwa kumwua mtoto mwenye ualbino kutoka Bukombe. Hukumu hiyo, ya kwanza ya aina yake nchini, ilitolewa katika mji ambao washarika wa Ushetu huuendea kwa shughuli zao.

Sheria ya Uchawi, ambayo asili yake ni mwaka 1928, inakataza kumtaja mtu kuwa mchawi kiholela. Lakini mchungaji asingoje sheria. Amri ya Tano inatosha, kama Luther alivyoifafanua katika Katekisimu Ndogo: haitukatazi kuua tu, inatudai pia kumsaidia jirani katika mahitaji yote ya mwili wake. Bibi yule asiyekuwapo katika chumba cha ushauri ni jirani yetu.

Je, basi mchungaji acheke na kusema uchawi ni upuuzi? Hapana. Masamba ma Mpolo wa Kongo, mmoja wa waasisi wa ushauri wa kichungaji wa Kiafrika, alifundisha kwamba lugha ya kulogwa hubeba habari za mahusiano yaliyoharibika ndani ya ukoo. Mwenye kuidharau hupoteza habari hizo, naye mshauriwa huenda kwa mwingine atakayemsikiliza. Njia iliyo salama ni ileile tuliyoieleza: kukaa ndani ya picha bila kutafuta mhalifu. "Umefungwa. Umefungwa wapi? Unapofungwa hivyo, ni kitu gani huwezi kukifanya? Siku ambayo kamba ililegea kidogo ilikuwa siku gani?" Mwanamke yule aweza kujibu kwamba hufungwa ulimi kila anapoketi na mawifi zake, na kwamba kamba ililegea siku mumewe alipokubali kwenda naye hospitali. Hapo kumepatikana mambo mawili ya kufanyia kazi, na hakuna aliyetajwa.

7. Pale picha isipotosha

Zipo nyakati ambazo mshauri lazima atoke katika picha na kuuliza kwa maneno yaliyo wazi. Kamba ni mfano. Kwa mchimbaji, kamba ni njia ya kupanda. Kwa mtu aliyekata tamaa yaweza kuwa kitu kingine. Mshauriwa akisema, "Natamani kulala nisiamke," au, "Kamba ipo nyumbani," mchungaji asiendelee kuuliza kamba hiyo ikoje. Amwulize kwa upole na bila kuzunguka: "Mwanangu, unafikiri kujiua?" Kuuliza hivyo hakumpandikizii mtu wazo; humpa ruhusa ya kusema lililokuwamo. Akikubali, asiachwe peke yake, vitu vya hatari viondolewe karibu naye, na apelekwe hospitali siku hiyohiyo, mchungaji akifuatana naye. Vivyo hivyo mama wa bani akieleza kwamba anapigwa, au mtoto akieleza picha inayoonyesha ya kwamba ameharibiwa, kazi ya kwanza ni usalama wao.

8. Picha na Injili

Huenda msomaji atauliza: Je, mchungaji huyu anayeuliza maswali mafupi atalihubiri Neno lini? Hapa ndipo ushauri wa kichungaji unapotofautiana na ushauri mwingine. Sisi tumetumwa na neno la kusema. Lakini tunalisema kwa mtu mahali alipo.

Turudi kwa kijana wa kamba. Sasa mchungaji anajua kwamba anayeketi mbele yake anabeba hatia. Bado yako maswali: Je, alilegeza kamba kwa uzembe, au kifusi kilianguka bila yeye kuweza lolote? Ikiwa kuna dhambi, iungamwe, na maneno ya ondoleo yasemwe kwa sauti juu ya kichwa chake, kama Kanisa lilivyoagizwa. Ikiwa hakuna dhambi bali dhamiri inayomshitaki bila haki, aambiwe hivyo kwa mamlaka ileile. Kumwondolea mtu dhambi asiyoitenda ni kuthibitisha mashitaka ya uongo. Na kumfariji aliyekosa bila kusikia ungamo lake ni kumnyima funguo za ufalme.

Na kama ni lazima mchungaji alete picha kutoka Maandiko, basi iwe ile inayoweza kushuka mpaka kwenye duara lake. Katika Yeremia 38 nabii ametupwa shimoni, anazama matopeni. Ebedmeleki, Mkushi, hakusimama ukingoni kumwelekeza jinsi ya kupanda. Alitafuta kamba, na pamoja na kamba alitafuta nguo kuukuu na matambara, akamwambia Yeremia ayaweke makwapani ili kamba isimkate. Mchungaji aweza kusimulia habari hiyo, kisha anyamaze. Kijana akisema, "Mimi sina matambara," mazungumzo yamefika mahali pazuri, nayo yaendelee kutoka hapo: matambara yake yangekuwa nini? Nani angemletea?

9. Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba sitiari ya mshauriwa ni mlango wa kuingilia katika mambo yaliyompata, na kwamba mlango huo ni wake. Mshauri hubisha hodi kwa maneno ya mwenye nyumba. Tumeonyesha pia kwamba katika eneo la Ushetu na machimbo yanayolizunguka, uangalifu huu si suala la ustadi peke yake. Swali moja lisilofaa, likiulizwa na mtu anayeaminiwa, laweza kutoka ofisini kwa mchungaji na kufika usiku kwenye nyumba ya bibi asiye na mlinzi.

Tungependa kuwapendekezea wanafunzi wanaojiandaa kwa kazi hii zoezi moja. Kwa muda wa mwezi mmoja, kila uendako kuwatembelea washarika, shika picha moja tu uliyoisikia, bila jina la msemaji, ukajiulize jioni: kitu hiki ninakijua? Nimewahi kukaa usiku kwenye jiko la bani? Nimewahi kusimama ukingoni mwa duara nikatazama chini? Kama hujawahi, nenda ukaombe uonyeshwe. Watu wa Ushetu ni wakarimu kwa mgeni anayeuliza juu ya kazi yao, na siku watakapokuja kwako na shida, watajua kwamba maneno yao unayafahamu.